Duka la familia Mombasa: mwongozo kamili wa kutenganisha undugu, umiliki na kazi

Duka la familia huanza kuyumba siku mtu anapochukua pesa kwenye droo na hakuna awezaye kusema amezichukua kama nani. Kama mwana wa mwenye duka? Kama mfanyakazi anayedai mshahara? Kama mwenye sehemu yake ya mali? Katika maduka mengi ya Mtaa wa Biashara, Marikiti, Mwembe Tayari na Kongowea, jibu huwa ni "yote matatu", na jibu hilo hutosha maadamu mwanzilishi yu hai na neno lake ndilo la mwisho. Akishaondoka, kila ndugu hubaki na jibu lake.

Kazi inayoelezwa hapa ni kuzitenganisha nafasi hizo tatu kwa karatasi na kwa pesa, mzee akiwa bado anafungua duka mwenyewe asubuhi. Sheria zinazotajwa ni za Kenya. Hesabu ni za kielelezo. Weka tarakimu zako mahali pake.

Hatua ya kwanza: andika watu

Chukua karatasi, chora safu tatu: ndugu, mwenye mali, mfanyakazi. Andika kila mtu anayeguswa na duka, kisha tia alama kwenye kila safu inayomhusu. Wazo hili ni la Renato Tagiuri na John Davis wa Chuo Kikuu cha Harvard, waliochora duara tatu zinazopishana mwaka 1978, na hadi leo ni vigumu kupata chombo chepesi kuliko hicho.

Orodha ya duka la kawaida hapa mjini huwa hivi. Baba ana alama tatu. Mama ana alama ya undugu peke yake, ilhali dhahabu yake ndiyo iliyouzwa kununua stoki ya kwanza. Kijana mkubwa ni ndugu na mfanyakazi. Mwenye mali si yeye, hata kama amekaa kaunta miaka kumi na mbili na wateja humwita mwenye duka. Binti aliyeolewa Lamu leo ni ndugu tu, na siku ya mirathi atakuwa mwenye mali asiyejua bei ya kilo ya misumari. Mkaza mwana anayepiga hesabu za jioni ni mfanyakazi asiye na mshahara. Na yule ami aliyetoa shilingi laki moja mwanzoni, asiulize tena, huenda ni mkopeshaji, mshirika au mtoaji zawadi. Akifa, watoto wake watachagua jibu lenye faida kwao.

Penye kazi bila mshahara, na penye pesa iliyoingia bila kupewa jina, zungushia kalamu nyekundu. Hayo ndiyo mashauri ya mahakamani ya miaka ijayo. Kwa mama na ami, andikeni karatasi fupi sasa hivi: kiasi, mwaka, na iwapo ni mkopo, mtaji au zawadi. Pande zote mbili zitie sahihi mbele ya mashahidi wawili. Dhahabu iandikwe kwa gramu pamoja na thamani yake ya siku ilipouzwa, kwa kuwa ugomvi wa dhahabu haupo kwenye kama ilitolewa. Upo kwenye bei ya mwaka gani itakayotumika kuirudisha.

Hatua ya pili: soma karatasi zasemaje

Familia nyingi huamini duka ni "letu". Kabati la hati mara nyingi lasema vingine, na hapa inafaa kukaa siku mbili au tatu bila haraka.

Anza na usajili. Jina la biashara lililosajiliwa halina nafsi yake kisheria. Mali ya duka ni mali ya mtu aliyeandikwa, deni la duka ni deni lake, na akifa vyote huingia kwenye mirathi siku hiyo hiyo. Kampuni ni tofauti, kwa sababu yenyewe ndiyo yenye stoki na madeni. Kinachorithiwa ni hisa. Kama ni kampuni, omba CR12 kupitia eCitizen. Hati hiyo huonyesha wakurugenzi na wenye hisa kama walivyo kwenye rejista, na si ajabu kumkuta humo shemeji aliyehamia Muscat zamani, au babu aliyezikwa.

Sheria ya Kampuni ya 2015 inaruhusu kampuni binafsi ya mtu mmoja. Ni rahisi kuifungua, nayo ni mtego kwa duka la familia: mkurugenzi pekee, ambaye pia ndiye mwenye hisa pekee, akifariki, hakuna wa kutia sahihi hundi wala wa kuagiza bidhaa mpaka msimamizi wa mirathi apatikane. Weka angalau wakurugenzi wawili. Halafu soma katiba ya kampuni uone yasemaje juu ya hisa za marehemu na nani atamteua mkurugenzi mpya.

Kisha chumba chenyewe. Ikiwa mmepanga bila mkataba wa maandishi, au kwa mkataba wa miaka isiyozidi 5, upangaji wenu kwa kawaida unalindwa na Sura 301 ya sheria za Kenya: mwenye jengo hawezi kubadili masharti wala kuwatoa bila notisi rasmi ya miezi isiyopungua 2, na mpangaji ana haki ya kuipinga kwenye baraza la kodi za majengo ya biashara kabla muda huo haujaisha. Swali ni nani mpangaji. Maduka ya zamani yana stakabadhi za kodi zenye jina la babu miaka ishirini baada ya kifo chake. Mwenye jengo akiuza, mnunuzi mpya ataligundua hilo kabla yenu. Mwandikieni mwenye jengo barua kuomba stakabadhi zitoke kwa jina la kampuni, na tangu mwezi huo lipeni kwa benki kutoka akaunti ya kampuni, pasiwe na malipo ya mkononi.

Jengo likiwa ni lenu, angalieni hati miliki ya ardhi. Pwani kuna nyumba bila ardhi nyingi: mjengo ni wa familia, kiwanja ni cha mtu mwengine anayelipwa kodi ya ardhi. Mali ya namna hiyo hurithiwa na huuzwa, lakini benki huisitia kama dhamana na thamani yake haiwezi kulinganishwa na ploti yenye hati. Msiihesabu sawa.

Mwisho, pesa. Tili ya M-Pesa iko kwa jina na kitambulisho cha nani? Akaunti ya benki inatiwa sahihi na nani? Mwenye akaunti akifa na benki ikajulishwa, akaunti yake binafsi husimamishwa. Wateja huendelea kulipa kwenye tili ambayo hakuna awezaye kuitoa pesa. Hapa ndipo maduka mazima hukwama katikati ya msimu wa Ramadhani, stoki ya Idi ikiwa imeshaagizwa kwa mali kauli.

Hatua ya tatu: bahasha tatu

Hii ndiyo hatua inayobadilisha biashara zaidi ya nyingine zote, nayo ndiyo inayopingwa zaidi na wazee.

Chukua duka la vifaa vya ujenzi linalouza shilingi 900,000 kwa mwezi. Faida juu ya bei ya kununulia, baada ya kutoa gharama ya bidhaa, ni asilimia 22 ya mauzo, yaani 198,000. Matumizi yanayolipwa ni stima na maji 6,000, kijana wa kazi 20,000, usafiri 8,000, leseni na vikorokoro 3,000. Jumla 37,000. Jengo ni la baba, kwa hiyo kodi hailipwi. Baba, kijana mkubwa na binti anayeandika vitabu hawana mshahara. Mzee ataapa kuwa duka linaleta 161,000 kwa mwezi.

Sasa uliza maswali mawili. Chumba kama hicho kingepangishwa kwa mtu baki, kingeleta ngapi? Tuseme 35,000. Meneja, mwuzaji na mwandishi wa hesabu wa siku mbili kwa wiki wangeajiriwa kwa ngapi? Tuseme 45,000, 28,000 na 12,000, jumla 85,000. Toa kodi, toa mishahara: 161,000 yabaki 41,000. Hiyo ndiyo faida ya duka. Zile 120,000 nyingine ni kodi ya jengo na jasho la watu watatu, ambavyo vingelipwa hata duka lingekuwa halina faida yoyote.

Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi pawe na bahasha tatu, yaani malipo ya namna tatu, yenye majina tofauti kwenye kitabu. Mshahara huenda kwa anayefanya kazi, kwa kiwango cha soko, awe ndugu au asiwe. Kodi huenda kwa mwenye jengo. Mgao wa faida huenda kwa wenye mali, kwa kadiri ya sehemu zao, na wala si lazima utolewe kila mwezi. Kwa duka hili, gharama zote pamoja na kodi na mishahara ni 157,000 kwa mwezi, hivyo akiba ya miezi mitatu ni 471,000. Mpaka akiba hiyo ijae, nusu ya faida isitoke dukani.

Mshahara wa mwana wa nyumba ni mshahara kama mwengine: una makato yake ya NSSF (mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii), ya bima ya afya ya jamii, ya nyumba za bei nafuu, na ushuru wa mapato ukifika kiwango. Wengi hukwepa hatua hii kwa kuogopa makato hayo. Lakini mshahara usioandikwa haukatwi kwenye faida mnapopiga hesabu ya ushuru wa kampuni, na kijana atakapotaka mkopo wa benki hana hati ya malipo ya kuonyesha.

Na bidhaa zinazochukuliwa? Mtoto wa ndugu anajenga Mtwapa, anakuja kupakia mifuko arubaini ya saruji "tutaandikiana". Andikeni papo hapo, kwa bei ya kununulia, kwenye ukurasa wa jina lake, na kiasi kikatwe kwenye mshahara au mgao wake kwa muda mliokubaliana. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa ndugu hupotea haraka zaidi maana hakuna anayeona ni wizi. Karo, matibabu na harusi vipewe mfuko wake, kiwango maalumu kinachotoka kwenye mgao wa baba na mama. Droo isihudhurie harusi.

Kinachoharibika hapa kinatabirika. Ndugu wawili hulipwa sawa ilhali mmoja yuko dukani tangu saa moja asubuhi na mwengine hufika baada ya adhuhuri. Baba huona ni uadilifu kwa watoto. Mwenye kufika mapema huona ni adhabu, naye taratibu huanza kujilipa mwenyewe: bei ya mteja huyu haiandikwi, kamisheni ya yule haisemwi. Usawa ni wa mgao. Mshahara hufuata kazi. Ukivichanganya umemfundisha mwanao kuiba bila kukusudia.

Hatua ya nne: jua mko kizazi gani

Mwanzilishi hubeba kila kitu kichwani: bei, madeni, nani haaminiki. Uamuzi ni wa dakika moja na hilo ni nguvu kubwa ya duka. Udhaifu wake ni kwamba wasambazaji hutoa mali kauli kwa sura ya mzee. Wakiona sura nyingine, muda wa siku 60 huwa siku 14, au taslimu, na mtaji wa mzunguko hukauka ndani ya miezi miwili. Dawa yake ni ya miaka. Kijana ahudhurie kila makubaliano na msambazaji, kisha alipe yeye, kwa wakati, akiagiza kwa jina la kampuni.

Ndugu wa kizazi cha pili wana tatizo jengine, kwa kuwa hakuna aliye juu ya mwenzake. Mkubwa hudai heshima ya ukubwa kwenye jambo la bei, na mdogo aliyesomea biashara hudai elimu yake. Gawanyeni maeneo ya kuamua: mmoja manunuzi, mmoja mauzo na wafanyakazi, mmoja pesa na vitabu. Ndani ya eneo lake mtu haingiliwi mpaka kikao. Historia ya maduka makuu ya Tuskys inajulikana nchini kote: duka la baba lililoanza Nakuru, wana wakarithi, ugomvi wao ukafika mahakamani, na katika miaka ya 2020 na 2021 matawi yakafungwa moja baada ya jengine huku wasambazaji wakidai. Familia yenye maduka makuu ya Naivas nayo haikukosa migogoro ya mirathi, lakini iliingiza wawekezaji wa nje mwaka 2020 na tena 2022, na kwa wawekezaji wa aina hiyo huja vitabu vilivyokaguliwa na bodi yenye watu baki.

Kwa mabinamu, hesabu yenyewe hugeuka. Ndugu watatu wana theluthi moja moja. Mmoja ana watoto wawili, mwengine ana sita. Wakigawa sawa kwa watoto, binamu wa upande mmoja ana sehemu moja kwa sita na wa upande wa pili moja kwa kumi na nane. Mkipiga kura kwa vichwa, wale sita hutawala. Mkipiga kwa hisa, wawili wana nguvu sawa na sita. Amueni kabla ya kura ya kwanza ya maana: kura ni kwa hisa, na kila tawi la ukoo lichague mwakilishi mmoja wa kuketi kwenye bodi. Hapo pia huanza vita vya wanaofanya kazi dukani, wanaotaka faida inunue stoki, dhidi ya wasiofanya kazi, wanaotaka mgao. Wote wana haki. Andikeni asilimia ya chini ya mgao, kwa mfano 30 ya faida ya mwaka baada ya ushuru, iwapo akiba imejaa, na mjadala utapungua kwa nusu.

Kuna takwimu inayorudiwa semina hadi semina, kwamba biashara tatu tu katika kumi huvuka kwenda kizazi kinachofuata. Asili yake ni utafiti wa viwanda 200 vya jimbo la Illinois, Marekani, uliotolewa mwaka 1987. Haukupima maduka yetu, na biashara iliyouzwa kwa bei nzuri haikuhesabiwa kama iliyosalia. Msiwatishe watoto kwa hiyo.

Na mkwe? Wengi humweka kando kwa hofu ya talaka. Wajapani walifanya kinyume: Kongo Gumi, kampuni ya kujenga mahekalu iliyoanza mwaka 578 na kujitegemea hadi 2006, mara kwa mara ilimpa uongozi mume wa binti, akachukua jina la ukoo. Si lazima tuige. Ila mkwe hodari anaweza kupewa kazi na mshahara mzuri pasi na hisa. Hisa zikae kwa binti.

Hatua ya tano: kumwingiza kijana

Aanze nje. Mwaka mmoja au miwili kwa mwajiri baki, hata Nairobi, ambako akichelewa atakatwa mshahara. Akirudi aanzie stoo, kwa miezi mitatu hivi, apokee mizigo na kuhesabu. Kisha kaunta miezi sita. Kisha madeni ya wateja, kazi isiyopendwa na inayofundisha kuliko zote. Manunuzi huja mwisho, na huja kwa kiwango: kuagiza peke yake hadi shilingi 30,000 kwa miezi sita ya kwanza, kisha 100,000, kisha 300,000. Kiwango kiandikwe na wasambazaji wajulishwe.

Kosa linalovunja kila kitu ni mzee kutengua uamuzi mbele ya wafanyakazi. Kijana amemnyima mteja mkopo. Mteja anamzunguka, anamwendea mzee msikitini baada ya swala, mzee anasema "mpe". Kuanzia kesho yake hakuna mteja wala mfanyakazi atakayemsikiliza kijana. Mzee asiporidhika, amwambie faragha jioni, na mkopo usitolewe mpaka kijana mwenyewe aubadilishe. Duka litapoteza mauzo mawili matatu kwa sababu hiyo. Ni bei ndogo.

Mzee naye apewe kazi baada ya kukabidhi, yenye mipaka: kusalimia wasambazaji wakubwa, kukagua vitabu mara moja kwa mwezi. Apewe pia pesa isiyotegemea hisani ya mwana, na hapo ndipo bahasha ya kodi ya jengo huokoa heshima ya wote. Mzee asiye na mapato yake hakabidhi, hata akitangaza mbele ya ukoo mzima.

Hatua ya sita: mirathi kabla ya msiba

Kwa Waislamu, mgawanyo wa mirathi nchini Kenya hufuata sheria ya Kiislamu, na Mahakama ya Kadhi husikiliza shauri pale pande zote ni Waislamu na zimekubali mamlaka yake. Kwanza hutolewa gharama za mazishi na madeni, yakiwemo ya duka lililo kwa jina la marehemu. Kisha wasia, usiozidi theluthi moja na usioelekezwa kwa mrithi isipokuwa warithi wengine waridhie. Kinachobaki ndicho hugawanywa.

Tuseme baba amefariki, ameacha mke, mama yake mzazi, wana wawili na binti mmoja. Mke hupata thumni (moja kwa nane), mama sudusi (moja kwa sita), na kilichobaki ni cha watoto, mwana sehemu mbili na binti moja. Mali halisi ikiwa 12,000,000, mke anapata 1,500,000, bibi (yule mama wa marehemu) 2,000,000, kila mwana 3,400,000, binti 1,700,000.

Mwana mkubwa ndiye mwenye kuendesha duka. Ili abaki nalo lote pamoja na jengo, lazima awalipe wenzake 8,600,000. Kwa faida ya 41,000 kwa mwezi, hiyo ni zaidi ya miaka 17. Haiwezekani, na hapo ndipo maduka huuzwa au hufungwa. Lakini litenganishe jengo, tuseme 9,000,000, na duka lenyewe, stoki, madeni ya wateja na jina, 3,000,000. Kwa ridhaa ya warithi wote, mwana mkubwa achukue duka lote kama sehemu ya haki yake, abakishe 400,000 ndani ya jengo. Wengine wamiliki jengo lililobaki, duka lilipe kodi ya 35,000 kila mwezi, na kabla ya ushuru na ukarabati bibi anapata 7,778, mke 5,833, ndugu 13,222, binti 6,611, na mwendesha duka 1,556. Hakuna aliyeuza, hakuna aliyedhulumiwa. Mpango huu hufanya kazi pale tu duka lilipozoea kulipa kodi na kujulikana faida yake ya kweli. Mwana aliyezoea chumba cha bure ataona ananyang'anywa.

Baba akitaka kumpa mtu sehemu akiwa hai, hiba yahitaji kutolewa, kukubaliwa na kukabidhiwa. Hisa zihamishwe kwenye rejista na CR12 mpya itoke. Maneno "duka hili ni lako mwanangu" yaliyosemwa kwenye kahawa hayatamsaidia mwana mbele ya dada zake. Wakf nao ni njia kwa jengo ambalo familia haitaki liuzwe kamwe, na sasa una Sheria ya Wakf ya 2022. Chukueni ushauri kwanza, kwa kuwa mali iliyowekwa wakf hairudi kuwa dhamana ya benki.

Kwa wasio Waislamu, Sura 160 ya sheria za Kenya, yaani sheria ya urithi, hutumika. Asipoacha wosia, mjane mmoja mwenye watoto hupata vyombo vya nyumbani na haki ya kutumia mali iliyobaki maisha yake, bila uhuru wa kuiuza atakavyo, maana idhini ya watoto wazima au ya mahakama yahitajika. Mwenye wake wengi, mali hugawanywa kwa nyumba kulingana na idadi ya watoto, kila mke aliye hai akihesabiwa kama mtoto mmoja wa nyongeza. Ombi la usimamizi hutangazwa kwa siku 30, na uthibitisho wa mgao kwa kawaida husubiri miezi 6. Duka linahitaji pesa za kuishi muda huo wote.

Kwa wote, jambo moja la haraka: kuuza stoki au kukusanya madeni ya marehemu bila idhini ni kuingilia mali ya marehemu, kosa lenye faini isiyozidi shilingi 10,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili, na aliyeingilia hudaiwa na mirathi. Ndugu anayefungua duka siku ya nne "ili wateja wasipotee" ahesabu stoki kwanza mbele ya warithi, na atafute wakili siku hiyo hiyo ili kuomba idhini ya muda.

Hatua ya saba: makubaliano na vikao

Kurasa tatu au nne zatosha. Ziseme nani anaweza kuajiriwa na kwa sifa gani, mshahara hupangwaje, mgao ni asilimia ngapi, hisa zaweza kuuzwa kwa nani, na bei yake hupatikanaje. Kifungu cha bei ndicho chenye uzito. Stoki ihesabiwe kwa bei ya kununulia, iliyokaa zaidi ya mwaka ikatwe nusu. Madeni ya wateja ya hadi siku 30 yahesabiwe yote, ya siku 31 hadi 90 asilimia 70, yaliyozidi hapo 30, yaliyovuka mwaka sufuri. Ongeza vifaa na kilemba cha chumba (pesa inayolipwa ili kuachiwa nafasi ya duka) kama kipo, toa mnachodaiwa. Malipo yawe robo mara moja na iliyobaki kwa miezi 24 hadi 36, bila riba kwa wanaoiepuka, kwa bei iliyofungwa siku ya makubaliano. Vifungu vinavyohusu hisa vihamishiwe kwenye katiba ya kampuni. Karatasi ya familia peke yake haimfungi mnunuzi wa nje.

Kikao cha biashara na kikao cha familia visikae siku moja. Cha biashara ni cha kila mwezi, saa moja, vitabu mezani, wanaofanya kazi pekee. Cha familia ni mara mbili kwa mwaka, wenye mali na watakaorithi wote, wakiwemo mabinti walioolewa na wakaza wana, na mtu mmoja baki anayeheshimiwa awe mwenyekiti. Dada asiyealikwa huja baadaye na wakili.

Pale kugawana kunapokuwa bora

Ndugu wengine hawataelewana, na kuwalazimisha kukaa pamoja hula mtaji wa wote. Dalili ni wazi: vitabu viwili, wasambazaji wanapigiwa simu na watu wawili kwa mzigo mmoja, wafanyakazi wana pande. Jaribuni mpatanishi kwanza; mzee wa mtaa, au upatanishi unaoratibiwa na mahakama. Ikishindikana, gawaneni mapema stoki ikiwa bado nzima.

Utaratibu ulio rahisi ni mmoja kupanga mafungu mawili na mwengine kutangulia kuchagua fungu lake. Anayepanga apewe wiki mbili na vitabu vyote. Fungu moja laweza kuwa duka la mjini lenye deni lake, jengine stoo ya Changamwe, gari na pesa taslimu. Madeni ya wateja yagawanywe kwa majina ya wateja. Mkigawa kwa kiasi kila mmoja atakimbilia wanaolipa.

Jina ndilo gumu kuliko yote. Leso za Mali ya Abdulla za Kaderdina Hajee Essak, duka lililoanza mwaka 1887, hutafutwa kwa maandishi yaliyochapwa juu ya kitambaa, na duka lenu dogo nalo lina jina ambalo mafundi hulitaja kwa wenzao. Jina liwe la mmoja tu, lithaminiwe kwa pesa na liingizwe kwenye fungu lake, lisajiliwe kama alama ya biashara, usajili unaodumu miaka 10 na kuhuishwa. Anayeondoka asitumie jina linalokaribiana nalo kwa muda mliouandika, wala asifungue mtaa ule ule kwa miaka miwili. Namba ya simu ya zamani ifuate jina. Kwa siku 90 anayebaki nayo awaelekeze wateja wa mwenzake panapostahili, na wasambazaji wote waandikiwe barua moja yenye sahihi mbili, ikisema kuanzia tarehe gani kila mmoja atajibu deni lake.